Msitu Ulitengwa, Watu Wakabaki Ndani

Sisi watu wa Eldoret tunapenda kujisifu kwa mambo matatu: wakimbiaji, maziwa na mahindi. Siku hizi tumeongeza la nne, kwamba sisi ni jiji. Tarehe 15 Agosti 2024 tulipewa hati ya jiji, la tano Kenya, na tangu siku hiyo kila msee mtaani anaongea kama mtu wa jiji. Sawa, tumefurahi. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hatukitaji kwenye hizo sifa zetu, na bila hicho hakuna jiji: maji.

Maji mengi yanayotoka kwenye mabomba yetu yanatoka bwawa la Chebara, kaunti ya Elgeyo Marakwet, kwenye mto Moiben. Mto Moiben unaanzia milima ya Cherangany. Kwa hivyo ukiosha vyombo Langas, au ukioga Kapsoya kabla ya kwenda job, unatumia maji ya misitu ambayo pengine hujawahi kuiona hata kwa mbali. Cherangany ni mojawapo ya vyanzo vikuu vitano vya maji nchini, pamoja na Mau, Aberdare, Mlima Elgon na Mlima Kenya. Ukisimama juu huko, maji ya upande wa magharibi huteremka mpaka Nzoia na kuishia Ziwa Viktoria. Ya upande wa mashariki huingia bonde la Kerio na kuelekea Turkana.

Nataka kueleza jinsi misitu ya milima hiyo ilivyofanywa kuwa hifadhi, kwa sababu naona kizazi chetu tunaijua nusu ya hadithi. Nusu tunayoijua ni ile ya darasani: msitu huleta mvua, ukikatwa tutakauka, kwa hivyo serikali ikautenga. Hiyo ni kweli kabisa. Nusu ya pili ni swali dogo ambalo mwalimu hakuuliza: siku ule msitu ulipotengwa, ni nani alikuwa akiishi ndani?

Tuanze na gari la moshi. Reli ya Uganda ilifika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na injini zake zilikula kuni. Kuni nyingi mno. Ndiyo maana kanuni za kwanza za misitu katika eneo hili, za mwaka 1897, zililenga misitu iliyo karibu na njia ya reli. Mwaka 1902 zikaja kanuni za misitu za nchi nzima. Yaani hifadhi ya msitu ilipozaliwa Kenya, haikuzaliwa kwa mapenzi ya ndege na vipepeo. Serikali ya kikoloni ilitaka kuhakikisha kwamba kuni na mbao hazitaisha, na kwamba yeye ndiye atakayeamua nani azikate.

Kulikuwa na sheria kabla ya hapo, ila hazikuandikwa. Kwa jamii zilizoishi msituni, kila ukoo ulijua sehemu yake. Mizinga ya nyuki ilikuwa na wenyewe, na mtu hakupanda tu mti wowote akarina asali apendavyo. Lakini sheria isiyo na karatasi, mbele ya afisa mwenye karatasi, ni maneno tu. Sheria ya Ardhi ya Ufalme ya mwaka 1915 ilisema waziwazi kwamba hata ardhi waliyokalia Waafrika ni ya Ufalme. Ukawa mgeni kwako.

Mfano mmoja uko karibu nasi. Toka Eldoret kwa barabara ya Nakuru, pita Burnt Forest, pita Timboroa, halafu ukate kuelekea Eldama Ravine. Huko kuna msitu wa Lembus. Mwaka 1916 serikali ilitia sahihi mkataba wa kumpa Ewart Grogan haki ya kuvuna mbao za Lembus. Grogan ni yule mlowezi aliyejulikana kwa kuzunguka Afrika kwa miguu kutoka Cape mpaka Cairo. Masharti yake yalikuwa mazuri kwake kiasi kwamba hata maafisa wa misitu wa serikali hiyo hiyo waliyalalamikia. Mitarakwa iliyokuwa imesimama kwa mamia ya miaka ikaanza kugeuka mbao.

Lakini angalia kilichofuata. Watu wa jamii ya Tugen walioishi na kulisha ng'ombe Lembus hawakunyamaza, na mwaka 1923 Gavana Robert Coryndon akakubali kuziweka haki zao kwenye maandishi. Waliotambuliwa kuwa wenye haki waliruhusiwa kukaa, kulisha mifugo na kutumia mazao ya msitu kwa mahitaji yao. Sitaki kuwadanganya kwamba Lembus ilikuwa raha. Mivutano iliendelea kwa miaka mingi. Ninachotaka ukumbuke ni kwamba tayari mwaka 1923, chini ya wakoloni, ilionekana kwamba msitu unaweza kuwa wa serikali kwa karatasi na bado watu wakawa na haki ndani yake. Anayesema leo kwamba jambo hilo haliwezekani hajasoma historia ya jirani.

Sasa turudi kwetu, uwanda wa Uasin Gishu. Mwaka 1903 Waingereza waliutoa uwanda huu kwa Wayahudi waliokuwa wakitafuta makao, tume ikaja kuuangalia, na mwaka 1905 toleo hilo likakataliwa. Mwaka 1908 wakaja Makaburu kutoka Afrika Kusini wakiongozwa na Van Rensburg, na magari yao ya kukokotwa na maksai. Ardhi ikakatwakatwa kuwa mashamba yenye namba. Mwaka 1910 posta ikafunguliwa kwenye shamba namba 64, na huo ndio mwanzo wa mji wetu. Kogo wangu, nyanya yangu mzaa baba, bado anauita Sisibo, kutokana na hiyo "sixty-four". Vijana wa leo wanaandika "64" kwenye matatu na fulana wakidhani ni swag mpya. Ni namba ya shamba la mlowezi.

Uwanda ulipogeuka mashamba ya wazungu, walioutumia zamani walisukumwa. Wengine walipelekwa kwenye maeneo yaliyotengewa makabila yao. Wengine walibaki kama vibarua kwenye mashamba hayo hayo. Wengine walipanda milimani, ndani ya msitu. Wasengwer, jamii ya wawindaji na warina asali, wanasema babu zao walitumia tambarare za Trans Nzoia pamoja na milima ya Cherangany, na kwamba walowezi walipochukua tambarare, wao walibakiwa na milima peke yake.

Serikali ya kikoloni haikujua ifanye nini na watu wa aina hiyo. Iliwaita "Dorobo", neno lililotokana na Kimaasai la kumdharau mtu asiye na ng'ombe. Mwaka 1932 iliundwa Tume ya Ardhi ya Kenya chini ya Morris Carter, na ripoti yake ikatoka mwaka 1934. Kuhusu jamii za msituni, tume ilipendekeza zihamishiwe kwenye maeneo ya makabila makubwa ambayo zinafanana nayo. Tafsiri yake kwa lugha ya mtaani: nyinyi si kabila la kupewa ardhi yenu, nendeni mkaungane na jirani.

Ndipo tukafika mwaka 1954. Kenya ilikuwa kwenye Hali ya Hatari, macho ya nchi yalikuwa kwenye misitu ya Aberdare na Mlima Kenya walikokuwa wapiganaji wa Mau Mau. Mwaka huo msitu wa Embobut, upande wa mashariki wa Cherangany, ukatangazwa rasmi kuwa hifadhi. Ni msitu wa karibu hekta 22,000. Hakuna aliyehama siku hiyo. Watu waliamka, wakakamua ng'ombe, wakaenda kwenye mizinga. Kilichobadilika ni jina lao mbele ya sheria. Jana walikuwa wenyeji. Leo ni wavamizi.

Naandika haya nikijua ninakotoka. Kwetu ni upande wa Moiben, kule tambarare, kwenye yaliyokuwa mashamba ya wazungu. Baada ya uhuru, babu yangu na wenzake walichanga pesa wakanunua shamba, likagawanywa, na leo familia ina hati miliki ndani ya sanduku. Hakuna anayetuuliza tulikuwa wapi mwaka 1954. Ile ardhi ya walowezi ingeweza kuuzwa, kwa hivyo aliyekuwa na pesa aliweza kuipata. Ardhi iliyoandikwa "hifadhi ya msitu" haikuweza kununuliwa na mtu wa kawaida. Uhuru ulipokuja, msitu ulitoka mkono wa Ufalme ukaingia mkono wa serikali yetu, na mpaka wake ukabaki pale pale. Tofauti kati ya babu yangu na mzee wa Embobut wa rika lake ni rangi ambayo karani aliipaka kwenye ramani.

Na tuwe wakweli: kulinda msitu kwa tangazo la serikali kumefanya kazi nzuri pia. Karura, Nairobi, ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Miaka ya tisini wakubwa walipoanza kugawiana vipande vyake, Wangari Maathai na wenzake walikuwa na kitu cha kushikilia: hii ni ardhi ya umma, imetengwa kisheria. Januari 1999 walipigwa na magenge wakijaribu kupanda miti pale, na bado hawakuacha. Leo ukienda date Karura na kuweka picha Instagram, unafaidi tangazo la 1932 na damu ya 1999.

Ila tangazo lililoweza kuweka msitu liliweza pia kuutoa. Chini ya sheria ya zamani ya misitu, waziri alitakiwa tu kuchapisha notisi ya siku 28 kwenye gazeti rasmi la serikali, kisha anabadilisha mpaka. Februari 2001 serikali ya Moi ilitangaza nia ya kuondoa karibu hekta 67,000 kwenye hifadhi, nyingi zikiwa Mau. Soma tena hiyo namba. Ni mara tatu ya Embobut nzima. Ripoti ya Tume ya Ndung'u, ya mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma, misitu ikiwemo, ilivyogawanywa kinyume cha sheria kama pipi za sikukuu. Ndipo sheria mpya ya mwaka 2005 ikaunda Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na kufanya iwe vigumu zaidi kwa mtu mmoja kuukata msitu kwa kalamu.

Kwa hivyo unaona mambo yanavyochanganya. Sheria ile ile haikuwazuia wakubwa wenye marafiki serikalini kuchukua msitu, lakini ilikuwa kali sana kwa mtu mwenye mizinga kumi na nyumba ya mianzi.

Embobut nayo haikubaki kama ilivyokuwa mwaka 1954. Maporomoko ya ardhi yaliwaangamiza watu kwenye miteremko ya Marakwet, na manusura wakaruhusiwa kukaa kwenye nyasi za katikati ya msitu. Wengine wakaja kutafuta shamba. Viazi vikapandwa mahali palipokuwa na mianzi. Miti ya asili ilikatwa, hilo halina ubishi. Serikali iliposema msitu unaharibika, haikuwa inabuni.

Novemba 2013 Rais Uhuru Kenyatta na naibu wake William Ruto walienda Embobut kutangaza fidia: shilingi 400,000 kwa kila familia, familia 2,874. Piga hesabu, ni kama shilingi bilioni 1.15. Orodha hiyo iliwaweka pamoja waathiriwa wa maporomoko, waliohamia baadaye, na Wasengwer wenyewe, kana kwamba wote walifika kwa basi moja. Wapo waliochukua pesa wakaondoka. Wapo waliosema hawakuorodheshwa, au kwamba hawakuwahi kukubali kuuza kwao. Tayari Machi 2013 Mahakama Kuu ya Eldoret ilikuwa imetoa amri ya kusimamisha kufurushwa kwao wakati kesi ikiendelea. Hata hivyo Januari 2014 askari wa misitu na polisi waliingia, na nyumba zikachomwa.

Hapa ndipo dunia ya nje inaingia. Tangu mwaka 2007 Benki ya Dunia ilikuwa ikigharamia mradi wa maliasili uliogusa misitu hii. Wasengwer walipeleka malalamiko, na Jopo la Ukaguzi la benki hiyo likaona kwamba benki haikufuata baadhi ya kanuni zake yenyewe za kuwalinda watu kama wao. Baadaye Umoja wa Ulaya ukaja na mradi wa euro milioni 31 wa kulinda vyanzo vya maji vya Mlima Elgon na Cherangany. Januari 2018 mwanamume mmoja Msengwer alipigwa risasi akafa wakati wa operesheni ya askari wa misitu, na siku iliyofuata Umoja wa Ulaya ukasimamisha mradi wake. Mwaka huo huo Amnesty International ikachapisha ripoti nzima kuhusu kufurushwa huko.

Tulia kidogo hapo. Mtu alikufa kwa sababu ya mpaka uliochorwa 1954, kwa jina la maji, na maji ndiyo sisi watu wa mjini tunayoyataka. Najua kuna atakayesema: lakini Embobut inamwaga maji upande wa Kerio, si ya Eldoret hayo. Ni kweli, kijiografia. Mto wetu ni Moiben, wao wako ng'ambo ya mgongo wa mlima. Lakini milima ni ile ile, sheria ni ile ile, shirika ni lile lile, na hoja inayotumika ni kwamba mamilioni ya watu huku chini wanategemea kile kilichoko juu. Hao mamilioni ni pamoja na wewe. Ukitumiwa kama sababu, una haki ya kujua umetumiwa kufanya nini.

Tatizo hili limeandikwa hata ndani ya Katiba yetu ya 2010. Ibara ya 62 inasema misitu ya serikali ni ardhi ya umma. Ibara ya 63, ukurasa huo huo karibu, inasema ardhi ya jamii ni pamoja na ardhi za mababu na zile zilizokaliwa tangu jadi na jamii za wawindaji na wakusanyaji. Sasa msitu ambao ni hifadhi ya serikali na pia ni ardhi ya mababu wa wawindaji, ni wa nani? Mei 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, hapa hapa Eldoret, ilitupilia mbali kesi ya Wasengwer. Lakini Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilikuwa imeamua kesi inayofanana sana ya Waogiek wa Mau, na ikawapa ushindi. Ilisema Kenya ilivunja haki zao, na kwamba hawawezi kulaumiwa kwa uharibifu wa Mau. Juni 2022 ikaongeza amri ya fidia na ya kuwapa hati ya pamoja ya ardhi yao. Kutekeleza ndiko kumekuwa na kizungumkuti.

Mimi nasimama wapi? Nataka msitu ubaki. Sitaki viazi kwenye chemchemi, na sitaki siku moja waziri aamke na kalamu kama 2001. Kwa hivyo nataka hifadhi yenye mpaka na sheria kali. Lakini pia nataka mpaka huo usomwe pamoja na majina ya waliokuwa ndani ulipochorwa. Wale wa 1954 wasichanganywe na wa juzi. Wakubaliane na serikali, kwa maandishi, wapi hapalimwi kamwe, wapi mizinga inakaa, nani anashika doria, na nani anaadhibiwa akikata. Coryndon aliweza kuandika kitu cha namna hiyo kwa Lembus mwaka 1923, na hakuwa mtu wa kutuonea huruma. Sisi wenye Katiba tunashindwaje?

Nasema haya sasa kwa sababu jiji linakua, na kiu yake inakua nayo. Serikali ina mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hata likizo ya kitaifa ya kupanda miti, na wengi wetu tulienda, tukapiga picha na mche. Poa sana. Lakini miche inahitaji mahali pa kupandwa, na mahali hapo mara nyingi pameshawahi kuwa kwa mtu.

Kwa hivyo ukialikwa tena, nenda, chimba shimo lako vizuri, mwagilia. Halafu muulize yule afisa maswali mawili tu: msitu huu ulitangazwa mwaka gani, na waliokuwa wakiishi hapa mwaka huo wako wapi sasa? Akiwa na jibu la la kwanza peke yake, rudi nyumbani ukiwa na deni la la pili. Notisi nyingi za gazeti rasmi la serikali ziko mtandaoni siku hizi. Bundle unayo.